Mwongozo kamili wa kumwandalia mzazi chumba cha kulala: kitanda, godoro, chandarua na nguo za usiku

Kila Januari kazi ya kukata miguu ya vitanda huongezeka karakanani kwangu hapa Chang'ombe, Dodoma. Desemba watoto wamekuja likizo kutoka Dar, Arusha na Mwanza, wamemletea mama kitanda cha sita kwa sita chenye kichwa kirefu kama mlango wa kanisa, wamepiga picha, wameondoka. Wiki mbili baadaye mama yuko mkekani.

Siwacheki, maana nami nilifanya hivyo hivyo. Kitanda cha kwanza nilichomchongea mama yangu kilikuwa cha mninga safi, inchi 26 kutoka sakafuni hadi juu ya godoro. Nilipokwenda Bahi kumsalimu nikakuta juu yake khanga zilizokunjwa, nusu gunia la karanga na redio. "Kitanda chako kizuri, mwanangu," akaniambia, "hata wageni wanakisifu." Yeye alikuwa bado analala kwenye kitanda chake cha kamba.

Nilikuwa nimepima chumba. Goti lake sikulipima.

Hatua zifuatazo zinamhusu mzazi anayeamka na kutembea mwenyewe, hata kama ni kwa fimbo. Mzazi asiyeweza kujigeuza kitandani anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya mgongo na nyonga, na kitanda chake hupangwa kwa namna nyingine. Hilo mwombe muuguzi awafundishe nyumbani.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kumwita fundi

- Tepu ya kupimia, kalamu na karatasi
- Stuli ngumu isiyo na mto
- Kitanda, kilichopo au cha kutengeneza
- Godoro la unene wa inchi 8
- Chandarua chenye dawa
- Shuka za pamba jozi 3, foronya 2, mablanketi 2 mepesi
- Khanga za pamba na flaneli ya kushonea nguo za usiku
- Taa ndogo ya sola au ya kuchaji
- Kiti kimoja chenye mikono ya kushikia
- Ndoo yenye mfuniko, kama choo kiko nje

Ukiwa na pesa kidogo, anza na godoro, halafu taa. Kabati la nguo liwe la mwisho. Nimeona nyumba zenye kabati la milango minne na godoro lililobonyea katikati kama bakuli.

## Hatua ya 1: Omba ruhusa, kisha mtume anayestahili kuingia

Chumba cha mzazi hakiingiwi ovyo. Mkwe wa kike hatakwenda kupekua chumba cha baba mkwe, na mtoto wa kiume hatapima godoro la mama yake huku mama amesimama mlangoni kwa aibu. Mtume dada, shangazi au mjukuu aliyezoea kulala na bibi.

Muulize mzazi mwenyewe mambo matatu: analala na nani, anaamka mara ngapi usiku, na kitu gani hataki kiguswe. Hilo la tatu usilipuuze. Karibu kila mama niliyemtengenezea chumba ana sanduku la bati chini ya kitanda, ndani yake mna khanga za harusi, hati ya kiwanja na picha za marehemu. Ukilihamisha bila kumwambia, atalala akiliwaza.

Wazazi wakiwa wawili, usidhani wanataka kitanda kimoja. Wapo wanaolala pamoja miaka hamsini, na wapo ambao mmoja anakoroma au anaamka saa tisa kusali, na vitanda viwili vidogo ndani ya chumba kimoja vimewaletea amani. Waulize kila mmoja peke yake.

Umefaulu hapa kama una majibu kwa maneno yao wenyewe. Ukiambiwa "chochote tu, mwanangu", bado hujajibiwa. Rudi kesho.

## Hatua ya 2: Pima goti

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nenda polepole.

Mkalishe mzazi kwenye stuli ngumu, nyayo zote mbili zikiwa zimelala sakafuni, akiwa amevaa viatu anavyovaa ndani. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Kina mama wengi ninaowapima wana inchi 15 hadi 17.

Ongeza inchi 2 kama magoti yanamuuma au anainuka kwa kusukuma na mikono. Kama anainuka bila shida, ongeza inchi 1. Kiti kilicho juu kidogo kuliko goti humrahisishia kunyanyuka, lakini kikizidi miguu inaning'inia, na mtu anayening'inia huteleza ukingoni akiwa na usingizi.

Sasa fanya hesabu. Tuseme goti ni inchi 16. Ongeza 2, unapata 18. Hicho ndicho kimo unachotaka akiwa *amekaa* ukingoni. Godoro la inchi 8 likikaliwa ukingoni hubonyea kama inchi moja na nusu, linabaki 6 na nusu. Toa hizo kwenye 18. Zinabaki inchi 11 na nusu: hapo ndipo chaga, zile mbao zinazobeba godoro, zikae, kutoka sakafuni.

Andika namba hiyo kwenye karatasi na umpe fundi. Usimwambie "kitanda cha mzee kisiwe kirefu sana." Kwa fundi kijana, kirefu sana ni dari.

## Hatua ya 3: Tengeneza au rekebisha kitanda

Upana. Kwa mtu mmoja, futi 4 kwa 6 inatosha na anageuka bila hofu. Tatu na nusu ni nyembamba kwa mtu mwenye maumivu ya mgongo. Kama mjukuu analala naye, nenda tano kwa sita. Sita kwa sita ni ya watu wawili wazima, na katika chumba cha futi 10 kwa 10 inakula njia yote ya kupitia. Baba akiwa mrefu kuzidi futi 5 na inchi 8, agiza kitanda na godoro lililoongezwa urefu, maana wazee warefu wanaolala wamejikunja huamka na magoti yaliyokaza.

Mbao. Mninga na mkongo hudumu na mchwa hawavipendi sana, ila bei yake unaijua. Msonobari ni rahisi, nao unafaa ukiwa umekauka vizuri na umewekwa dawa ya mchwa. Ubao mbichi utapinda ndani ya msimu mmoja wa kiangazi cha Dodoma, na kitanda kilichopinda hulia kila mtu anapogeuka. Chuma cha paipu za mraba nacho ni sawa. Pitisha kiganja kwenye kona zote, na mahali palipochomelewa pasiposagwa mrudishie fundi.

Chaga. Ziwe za inchi 1 kwa 4, nafasi kati ya moja na nyingine isizidi inchi 3. Nafasi ikiwa pana, godoro huingia katikati na kuchoka mapema. Kila chaga ipigwe skrubu moja kila mwisho. Chaga zilizowekwa tu bila kufungwa husogea, siku moja mbili zinaanguka, na mzazi anaanguka nazo. Vitanda vya tano kwa sita na zaidi viwe na mhimili wa katikati wenye mguu wake.

Papi, yaani ubao mwembamba unaobeba chaga. Ifungwe ubavuni kwa gundi na skrubu, moja kila inchi 8. Misumari peke yake hung'oka kwa mtikisiko.

Mbavu. Ubao wa ubavu usizidi kimo cha godoro. Ukitokeza juu, utamkata mzazi nyuma ya mapaja kila anapokaa. Kingo zote zipigwe msasa hadi ziwe mviringo.

Mshikio. Upande anaoshukia, funga nguzo ya inchi 2 kwa 2 iliyolainishwa, ifikie kimo cha kiuno chake akiwa amesimama, karibu na mahali anapoweka mkono akiinuka. Ifungwe kwa bolti mbili zinazopenya ubavu wa kitanda. Onyo: nafasi kati ya nguzo na godoro isizidi vidole vitatu, mkono au shingo visije vikanasa.

Kama kitanda kimeshanunuliwa na ni kirefu, usikiuze. Kwa mfano wetu, godoro lisilokaliwa linatakiwa liwe inchi 19 na nusu kutoka sakafuni. Kikiwa 26, kata inchi 6 na nusu kwenye miguu yote minne, kisha hakikisha usawa kwa pima maji ya fundi. Miguu isipotosha kukatwa, shusha papi za chaga. Na kikiwa kifupi mno, tengeneza vigogo vyenye shimo la kuingizia mguu wa kitanda. Matofali yaliyolundikwa huteleza. Sitaki hata kuyazungumzia.

Nyumba ya sakafu ya udongo ina jambo lake: miguu huzama na mchwa hupanda. Weka jiwe bapa au kipande cha saruji chini ya kila mguu, na chungulia vijia vya udongo kila mwezi. Oili chafu ya gari wanayopaka watu kwenye miguu ya kitanda inanuka usiku kucha karibu na pua ya mzee. Iache.

Vanishi ikauke nje ya nyumba kwa wiki nzima kabla kitanda hakijaingia chumbani.

Umefaulu kama: mzazi anakaa ukingoni, nyayo zimelala sakafuni, magoti yako sawa na nyonga au chini yake kidogo, na anainuka mara tatu mfululizo bila mtu kumvuta.

## Hatua ya 4: Chagua godoro kwa mgongo wake

Laini si sifa. Godoro laini sana humzamisha mtu, na kugeuka kunakuwa kazi ya kupanda mlima. Gumu kama meza nalo hubana mabega na nyonga za mtu aliyepungua mwili. Tafuta zito lenye kurudi haraka: kandamiza kwa goti lako dukani, hesabu tatu, ondoa. Likibaki na shimo, liache hapo.

Ukiweza, nenda naye. Alale chali dakika kumi, viatu nje, muuzaji anune akitaka. Ingiza kiganja chini ya kiuno chake. Kikipita kwa shida kidogo, ni sawa. Kikipita wazi kama mlangoni, godoro ni gumu mno kwake. Kisipopita kabisa, amezama.

Halafu jambo ambalo linanikera kuliko yote: ondoa nailoni ya kiwandani. Watu wanaiacha ili godoro lisichakae. Mwezi wa Oktoba na Novemba, joto la mchana likifika nyuzi 31 na bati likiwa bado halijapoa saa nne usiku, mzazi anachemka juu ya nailoni hiyo, shuka inateleza, na kila akigeuka inapiga kelele kama mfuko wa sokoni. Ikiwa hofu ni mkojo, tandika mpira wa kutandikia sehemu ya nyonga tu, na shuka ya pamba juu yake.

Liache godoro jipya lipate hewa siku moja au mbili kivulini kabla ya kulalia. Kila mwezi geuza upande wa kichwa uwe wa miguu.

Godoro au kitanda cha mitumba? Tazama mishono, maungio na matundu ya skrubu kwa tochi. Madoadoa meusi kama wino ni kinyesi cha kunguni. Maungio ya kitanda yamwagiwe maji yanayochemka, shuka na foronya zifuliwe kwa maji ya moto. Usipulizie dawa ya shambani kwenye godoro wala chumbani. Dawa ya kuulia wadudu wa pamba au mahindi humwingia mtu kwa ngozi na kwa pumzi, na mzee anaivuta saa nane mfululizo.

## Hatua ya 5: Panga chumba kwa njia ya gizani

Kabla ya kusogeza chochote, simama kando ya kitanda chake, funga macho, na tembea hadi choo kilipo. Kila utakachogonga, yeye anakigonga saa nane usiku.

Kichwa cha kitanda kikae ukutani, ubavu wa kushukia ubaki wazi angalau futi 3. Upande wa pili uache nafasi ya kiganja kati ya godoro na ukuta, unene wa kutosha kuchomekea chandarua na usiotosha mtu kutumbukia. Uliza ni upande gani anaoutumia kuinuka. Aliyewahi kupata kiharusi ashukie upande ulio na nguvu.

Kitanda kisiwe chini ya dirisha. Upepo wetu hapa huvuma zaidi kutoka mashariki, na kiangazi hubeba vumbi jekundu hadi ndani ya foronya. Nilimsogeza mzee mmoja wa Nzuguni hatua mbili tu kutoka dirishani, kikohozi cha asubuhi kikapungua. Dirisha lenyewe liwe na nyavu na liweze kufunguka. Chumba kilichofungwa kutwa chini ya bati ni tanuri.

Vizulia vidogo viondoe. Ndiyo, hata kile kizuri chenye nyota. Kwenye vigae kinateleza, kwenye saruji ncha yake hukunja na kumnasa mguu. Kama mzazi ni Mwislamu, mkeka wa swala utandikwe wakati wa swala na ukunjwe baada yake. Mwachie nafasi ya kuutandika bila kusogeza kiti.

Kiti chenye mikono kikae karibu na kitanda. Ni cha kuvalia nguo. Wazee wengi huanguka wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja wakitafuta tundu la suruali.

Meza ndogo iwe kwenye usawa wa mkono akiwa amelala: maji yaliyofunikwa, miwani, dawa, redio, Biblia au Msahafu, simu. Nyaya za kuchajia zipite ukutani. Taa ya sola iwe ya kubonyeza mara moja, ikae mahali pale pale kila siku. Mshumaa na koroboi visiingie chumba chenye chandarua. Hapo sina mjadala.

Choo kikiwa nje, weka ndoo yenye mfuniko kwenye kona, kiti imara kando yake cha kushikia. Wapo wanaoona aibu. Mwambie tu ni kwa ajili ya usiku wa baridi. Atakuelewa, na mjukuu aimwage kabla watu hawajaamka.

Lile sanduku la bati litoke chini ya kitanda kwa sababu kuinama kunampa kizunguzungu. Lipandishe juu ya benchi la usawa wa goti, mbele ya macho yake, na ufunguo abaki nao yeye.

## Hatua ya 6: Tundika chandarua ambacho ataweza kukifungua

Dodoma malaria ni kidogo kuliko Kanda ya Ziwa, na hilo limetufanya wazembe. Mbu wapo, hasa mvua za Desemba hadi Aprili, na chandarua kinazuia pia nge anayedondoka kutoka darini.

Chandarua kipya chenye dawa kianikwe kivulini saa 24 kabla ya kutumia. Jua kali huharibu dawa. Kwa hiyo hata ukikifua, kwa sabuni ya kawaida ya mche, kianike kivulini.

Kwa mzee, cha pembe nne ni bora kuliko cha duara. Cha duara humwangukia usoni na kumzungushia miguu anaposhuka. Kifunge pembe zote kwenye kulabu au fremu, kiwe juu kiasi kwamba akikaa kisimguse kichwa. Chomeka pande tatu kabisa chini ya godoro. Upande wa kushukia, shona uzi au utepe mwekundu mahali anapotakiwa kushika na kufungulia. Mama yangu alikuwa akipapasa kama mvuvi aliyenaswa na wavu wake. Utepe huo ulimaliza kesi.

Umefaulu kama: anafungua na kuchomeka mwenyewe gizani, na pindo haligusi sakafu.

## Hatua ya 7: Shuka, na baridi ya Juni hadi Agosti

Wageni wanadhani Dodoma ni joto tu. Mji uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai kipimajoto hushuka hadi nyuzi 13 hivi. Chini ya bati bila dari, mzee mwembamba anaisikia hiyo mifupani.

Mablanketi mawili mepesi yanashinda moja zito. Zito linamkandamiza na hawezi kulisukuma anapotaka kushuka. Kama kuna pesa ya dari, itie hapo kabla ya kununua blanketi la tatu. Inasaidia baridi ya Julai na joto la Novemba kwa pamoja.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata likiwa limebaki makaa tu. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na waliolala nayo mlango ukiwa umefungwa wengine hawaamki. Chupa ya maji ya moto inafaa: izungushie khanga, iweke kitandani nusu saa kabla hajalala, kisha itoe. Mwenye kisukari miguu yake inaweza kufa ganzi, ataungua bila kujua.

## Hatua ya 8: Nguo za usiku

Hapa nampisha mke wangu, ambaye ni fundi cherehani. Haya ni yake, mimi nimeandika tu.

Kwanza ondoa mawazo ya naiti za dukani zenye mikanda myembamba. Nguo ya usiku ya mama kwenye nyumba ya watu wengi inaonekana. Atakutana na mkwewe kwenye korido, atapita uani kwenda chooni, jirani atabisha hodi alfajiri kwa habari ya msiba. Nguo ambayo hawezi kuonekana nayo hataivaa. Atalala na gauni la mchana lenye zipu inayomchoma mgongoni. Ndiyo sababu nusu ya naiti zinazonunuliwa kwa zawadi hubaki kwenye mfuko wake.

Kitambaa. Pamba. Chomoa nyuzi mbili uziunguze kwa kiberiti nje ya nyumba: pamba hunuka karatasi na kuacha jivu jepesi, yenye nailoni au poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Ya kuyeyuka hufukuta jasho Novemba, na kiangazi kikikolea hutoa cheche ndogo ukivua blanketi. Khanga ya pamba inafaa kwa joto, flaneli kwa Juni hadi Agosti.

Fua kabla ya kukata. Khanga mpya ina wanga na husinyaa. Wengi hushona kwanza, wakafua, gauni likapanda hadi magotini, na mama akaligawa.

Vipimo. Urefu uishie vidole vinne juu ya kifundo cha mguu. Likiburuza atalikanyaga akiinuka. Mikono ifike chini kidogo ya kiwiko, iwe mipana. Kwapani ongeza inchi 2 za nafasi; asiyeweza kuinua bega hataki kupigana na nguo. Mbele fungua kuanzia shingoni hadi tumboni, vifungo vikubwa visivyozidi vitano. Mpira wa kiuno, kama upo, upitishe vidole viwili bila kubana. Mshono mnene usikae mgongoni wala nyonga, ndiko anakolalia. Mfuko mmoja upande wa mkono anaoutumia: leso na tochi ndogo.

Doti moja ya khanga inatosha gauni moja. Mwache achague jina la khanga mwenyewe, maana ukimletea yenye maneno ya kumsema mke mwenza utajieleza mpaka Pasaka.

Kwa baba. Wengi wanapenda msuli au kikoi, na hakuna ubaya mchana. Usiku fundo hulegea na pindo hufika chini ya nyayo. Mshonee suruali pana ya pamba yenye mpira kiunoni, ifike kifundoni, na shati la vifungo vikubwa. Akikataa kabisa suruali, mshonee kikoi chake kiwe kifupi kwa kiganja kimoja na ukitie mpira kiunoni. Mzee mmoja aliniambia amevaa msuli tangu ujana na hataacha. Tulifupisha, hakutambua hadi mkewe alipomwambia.

Idadi. Nguo tatu kila msimu: moja mwilini, moja kwenye kamba, moja kabatini. Kitambaa cha kichwa cha pamba kwa baridi. Soksi peke yake kwenye vigae ni utelezi; avae viatu vya ndani vyenye kisigino kilichofungwa na soli ya mpira. Kandambili zibaki bafuni.

Umefaulu kama: anavaa na kuvua akiwa amekaa kitini bila kumwita mtu, na hajifuniki khanga kwa aibu mtu akibisha.

## Hatua ya 9: Jaribu usiku, umeme ukiwa umezimwa

Usiondoke siku hiyo hiyo. Lala hapo nyumbani usiku mmoja, zima taa kuu, na umwombe afanye mzunguko mzima: kuwasha taa ndogo, kufungua chandarua, kukaa ukingoni, kwenda chooni na kurudi.

Mfundishe kukaa ukingoni dakika moja kabla ya kusimama, akichezesha vidole vya miguu. Mtu akiinuka ghafla presha hushuka, hasa anayetumia dawa za presha, na hapo ndipo kizunguzungu humwangusha. Akiona giza mbele ya macho mara kwa mara, daktari aambiwe.

Usimsaidie wakati wa jaribio. Tazama mkono wake unatafuta nini. Mkono ukipapasa ukutani, hapo panataka kishikio. Akisimama akasita mlangoni, kizingiti ni kirefu au hakioni. Kipake rangi nyeupe.

Baada ya wiki mbili piga simu, lakini usimuulize kama kitanda kizuri, atasema kizuri. Muulize mjukuu bibi amelala wapi jana. Mwezi ukiisha, kaza bolti zote upya, maana mbao zikikauka hulegea, na uangalie skrubu za chaga moja moja.

Cha mama yangu nilikipunguza inchi 7. Siku hizi karanga zinakaa stoo.